Siku Zinapokwenda Mbio: Ushauri kwa Wanaoona Miaka Inawaponyoka

Katika maswali ambayo wasomaji huyauliza bila ya kukoma, liko moja ambalo hurejea kila mwaka unapokaribia kwisha, nalo huulizwa na wafanyakazi wa maofisini, na akina mama wa nyumbani, na wastaafu, na hata vijana ambao umri wao ungali mbichi: kwa nini miaka inakwenda mbio namna hii, na mtu afanye nini ili asifike uzeeni akaona kuwa sehemu kubwa ya maisha yake ilipita naye hakuwapo? Swali hili si la upuuzi wala si la watu wasio na kazi, maana umri ni mali ambayo tajiri hawezi kuinunua wala maskini hawezi kuikopa, na mwenye kuulizia namna ya kuitumia vema huulizia jambo lililo bora kuliko mengi yanayotushughulisha kutwa kucha.

Jibu ninalolitoa, na ambalo makala hii nzima inalifafanua, ni hili: saa ya ukutani haipunguzi mwendo kwa ajili ya mtu yeyote, lakini kipimo cha wakati kilichomo ndani ya nafsi hutii mambo mawili, nayo ni mazingatio tunayoyatoa na upya wa mambo tunayokutana nayo, na mambo haya mawili yamo katika uwezo wa kila mtu, awe na fedha au asiwe nazo.

## Ijue kwanza shida yako

Wengi hushindwa kujitibu kwa sababu huchanganya malalamiko mawili ambayo, ijapokuwa hutamkwa kwa maneno mamoja, hayana asili moja. Mwanachuoni wa Marekani, William James, katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya nafsi kilichotoka mwaka 1890, aliieleza tofauti hiyo kwa uwazi: muda uliojaa mambo ya namna kwa namna huwa mfupi unapopita na mrefu unapokumbukwa, na muda mtupu huwa mrefu unapopita na mfupi unapokumbukwa. Basi kabla ya kutafuta dawa, jiulize uko katika kundi lipi:

- Saa hazisogei. Foleni ya hospitali, zamu ya usiku, au mchana wa ofisini hukuchosha kwa urefu. Shida yako ni wakati unaopita, na dawa yake ni kuipa akili shughuli.
- Saa hupita vizuri, lakini miezi hupotea. Ukiulizwa ulifanya nini mwezi wa nne, huna jawabu. Shida yako ni wakati uliopita, na dawa yake ni upya na hifadhi ya kumbukumbu.
- Siku ni nzito na mwaka ni mwepesi. Umepatwa na yote mawili, maana siku zako ni tupu na pia zinafanana. Anza na dawa ya kundi la pili, kwa kuwa aghalabu hiyo huponya na la kwanza.

Tahadhari ni lazima hapa, kwa sababu dawa ya shida moja huweza kuizidisha nyingine. Mtu aliyechoshwa na jioni ndefu huichukua simu yake, na jioni ikafupika kweli kweli kama alivyotaka. Lakini mwisho wa mwezi huona kwamba jioni thelathini zimekuwa kitu kimoja kisichokuwa na mwanzo wala mwisho, na yeye ndiye yule yule atakayelalamika Desemba kwamba mwaka umekwisha kabla haujaanza.

## Kwa nini siku zinazofanana hupotea

Sitawachosha wasomaji kwa nadharia, ila mifano miwili inatosha kuonesha kwamba ushauri utakaofuata una msingi. Mfaransa Michel Siffre, akiwa kijana wa miaka 23, aliingia katika pango la Scarasson milimani Alps katikati ya Julai 1962, akakaa humo peke yake bila ya saa wala mwanga wa jua. Wenzake walipomwarifu tarehe 14 Septemba kwamba muda wa jaribio umetimia, yeye kwa hesabu yake alikuwa bado yumo katika tarehe 20 Agosti. Alipotakiwa ahesabu toka moja hata mia na ishirini, sekunde moja kwa kila tarakimu, alichukua dakika tano kuitimiza kazi ya dakika mbili. Huko gizani kila siku ilikuwa sawa na mwenziwe, na akili haikupata pa kushika.

Huhitaji kuingia pangoni ili yakupate hayo. Mnamo 2003 watafiti wawili, Dinah Avni-Babad na Ilana Ritov, walionesha kwamba muda uliopitishwa katika mazoea hukumbukwa kuwa mfupi kuliko muda wa urefu ule ule uliopitishwa nje ya mazoea. Akili ni kama karani hodari ambaye haandiki mara ya pili lile lililokwisha kuandikwa. Safari ya kwanza ya kwenda kazini huiandika kwa marefu na mapana, na safari ya mia tano huipitisha bila ya kunyanyua kalamu.

## Hatua saba za kuurudishia mwaka urefu wake

Hatua hizi zimepangwa kwa makusudi, nami nashauri zifuatwe kwa zamu, moja ikizoeleka ndipo nyingine iongezwe.

1. Pima kabla ya kutibu. Jioni moja ya mwisho wa wiki keti na karatasi, na bila ya kutazama simu wala shajara, andika unayoyakumbuka katika kila siku ya wiki iliyopita. Siku ambayo huna la kuandika ndiyo iliyokupotea. Iweke karatasi hiyo, kwani utaihitaji baada ya mwezi mmoja.

2. Badili jambo moja kwa siku. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya chako utembee masafa yaliyobaki. Nunua samaki kwa mchuuzi mwingine. Pitia uchochoro ambao umeupita kwa miaka bila ya kuuingia. Kaa upande wa pili wa meza. Mabadiliko haya ni madogo, na udogo wao ndio manufaa yao, kwa maana hayahitaji fedha wala ruhusa ya mtu, na bado huilazimisha akili kuamka na kutazama.

3. Jifunze jambo lenye ngazi. Kupiga udi, kushona, kuogelea, kuandika hati nzuri za Kiarabu, kuotesha mboga, kusema lugha ya jirani: kila fani ambayo mwanafunzi wake hupanda daraja baada ya daraja humpa alama za kumbukumbu ambazo hazipatikani katika burudani ya kutazama tu. Imethibiti kwamba watu wazima wanapoulizwa habari za maisha yao, mambo mengi wanayoyakumbuka hutoka kati ya miaka ya kumi na thelathini ya umri wao, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba katika miaka hiyo mtu hufanya mambo mengi kwa mara ya kwanza. Anayejifunza hujirudishia mara za kwanza, hata akiwa na mvi.

4. Kutana na watu. Watu wa Uingereza walipofungiwa majumbani mwaka ule wa maradhi ya Korona, 2020, mtafiti Ruth Ogden aliwauliza hali ya wakati kwao, na zaidi ya asilimia 80 walisema umebadilika. Wengine waliona unakimbia na wengine waliona unatambaa, na miongoni mwa waliouona unatambaa walikuwa wale wasioridhika na maingiliano yao na watu. Basi panga ziara moja kila wiki: mzee unayemdai salamu, rafiki wa shuleni, jamaa wa upande wa pili wa mji. Waulize mambo ambayo hujapata kuwauliza, hususa wazee, kwa kuwa mazungumzo mapya na mtu wa siku zote yana upya kamili.

5. Upe mwaka vituo. Mwaka usio na vituo hupita kama usiku wa usingizi. Wazee wetu wa pwani waliuhesabu kwa kaskazi na kusi, kwa masika na vuli, kwa msimu wa maembe na msimu wa samaki fulani, kwa Ramadhani na sikukuu. Na hata leo watu wa Makunduchi, Unguja, hukutana kila Julai kwa ajili ya Mwaka Kogwa. Fanya vivyo hivyo nyumbani kwako kwa kuwa na jambo moja la kila msimu ambalo jamaa zako watalingoja, nalo lisifanywe kwa namna ile ile kila mwaka, bali libadilishwe mahali, au chakula, au mgeni.

6. Andika mistari mitatu kila usiku. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, nalo lina masharti yake:

- Andika jambo mahususi, si hali ya jumla. Usiandike "kazini, uchovu", andika "mvua ilitukuta Kariakoo, muuza kahawa akatupisha chini ya turubai lake."
- Andika jambo moja uliloliona, moja ulilolisikia, na moja lililokugusa moyo.
- Usizidishe mistari mitatu katika mwezi wa kwanza, maana atakaye kuandika kurasa nzima huchoka baada ya wiki.
- Mwisho wa mwezi soma yote kwa sauti. Kusoma huko ndiko kunakozirudisha siku ambazo ungeapa kwamba hazikuwapo.

7. Lala ipasavyo. Ni katika usingizi ndipo akili huimarisha aliyojifunza na aliyoyaona mtu mchana, kwa hiyo anayejinyima usingizi ili apate muda zaidi huyapata masaa na kuyapoteza yale aliyoyafanya ndani yake.

## Kuhudhurisha moyo

Upya peke yake hautoshi, kwani mtu aweza kuzunguka dunia nzima na moyo wake umebaki katika madeni na ugomvi alioacha nyumbani. Sharti mazingatio yaandamane nao. Mazoezi haya ni mepesi, na yafanywe wakati ule ule wa shughuli za kila siku:

- Mlo mmoja bila ya kitu cha pili. Chagua mlo mmoja kwa siku ambao hautakuwa na simu, wala redio, wala televisheni. Tambua viungo, onja, zungumza na aliyeupika.
- Dakika kumi za mwanzo. Unapofika mahali popote, pawe sokoni, harusini au matangani, usitazame simu kwa dakika kumi za mwanzo. Hizo ndizo dakika ambazo macho yangali mageni na huona kila kitu.
- Vitaje vitu kwa majina yao. Jifunze majina ya miti ya mtaani kwako, ndege wa asubuhi, upepo unaovuma. Jicho huona zaidi kile ambacho ulimi unaweza kukitaja.
- Shughuli moja kwa wakati mmoja. Anayemsikiliza mtoto wake huku akijibu ujumbe hayahifadhi maneno ya mtoto wala ya ujumbe.

## Ikiwa wakati hausogei

Sasa niwageukie wale wa kundi la kwanza, ambao hulalamika kwamba saa zao ni ndefu. Mtu anayengoja kivuko cha Likoni akiwa amekodoa macho kwenye saa yake hurefusha ungojaji wake kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu wakati unaotazamwa huvimba. Mwaka 1985 David Maister, aliyechunguza habari za foleni, alibainisha kwamba kungoja bila ya shughuli huonekana kurefu kuliko kungoja kwenye shughuli, na kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kule kunakojulikana. Kutokana na hayo fanya hivi:

1. Uliza muda. Mwulize karani au muuguzi, kwa adabu, ni watu wangapi waliokutangulia na ni saa ngapi yamkini ukaitwa. Hata jibu likiwa "saa mbili zaidi", moyo hutulia kuliko kukaa gizani.
2. Ficha saa. Itie simu mfukoni na uazimie kutoitazama mpaka jambo fulani litimie, mathalani mpaka watu watano waitwe.
3. Beba shughuli ya mkono au ya akili. Ukili wa kusuka, kitabu, barua ya kuandika, sura ya kuhifadhi, hesabu ya matumizi ya mwezi.
4. Zungumza na jirani wa foleni. Ni dawa ya kale na haina gharama.
5. Gawa muda. Zamu ya masaa manane uigawe katika sehemu nne, na kila sehemu uipe kazi yake na pumziko lake.

Ikiwa wakati umekuwa mzito kwa sababu ya maumivu au homa, usijilaumu kwa kukosa subira, maana mwili nao una sehemu yake. Katika miaka ya 1930, Mmarekani Hudson Hoagland alimwuguza mkewe, akagundua kwamba kadiri joto la homa lilivyopanda ndivyo mkewe alivyozihesabu sekunde upesi zaidi, hata akadhani mumewe ametoka kwa muda mrefu ilhali alitoka kidogo tu. Mgonjwa anayesema umemwacha siku nzima huenda anasema kweli yake. Mjibu kwa upole.

## Makosa yanayofanywa na wengi

Kudhani kwamba simu ni upya. Ni kweli kwamba kila kidole kinapopita huja picha nyingine na habari nyingine, lakini yote huja mahali pamoja, kwa mkao mmoja, katika kioo kimoja, na moja hufutwa na jingine kabla halijakaa. Mambo mia ya namna hiyo huacha alama hafifu kuliko ziara moja ya nusu saa.

Kupiga picha badala ya kutazama. Mtafiti Linda Henkel alionesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwamba wageni wa jumba la makumbusho walivikumbuka kwa udhaifu zaidi vile vitu walivyovipiga picha nzima kuliko vile walivyovitazama kwa macho tu. Lakini waliosogeza kamera ili kuchukua sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Basi tazama kwanza, chagua sehemu iliyokuvutia, piga picha moja, kisha uirudishe simu mahali pake.

Kuvunja mazoea yote kwa pamoja. Mazoea si adui. Saa za kula, za kulala, za ibada na za kazi zikikaa mahali pake, akili hupata nafasi ya kuliangalia lile moja lililo jipya. Aliyevuruga kila kitu kwa siku moja hupata wasiwasi, wala hapati kumbukumbu.

Kurundika safari. Miji mitano kwa siku nne huacha jina la mji na uchovu wake. Afadhali mji mmoja kwa siku hizo nne, ukajua muuza mikate wake na sauti ya asubuhi yake.

Kutafuta hatari. Wako wanaosema kwamba wakati wa hofu dakika hurefuka, kwa hiyo heri pikipiki iende mbio. Mwaka 2007 huko Marekani, Chess Stetson, Matthew Fiesta na David Eagleman walichapisha habari za jaribio ambalo watu waliachiwa kuanguka toka kimo cha mita 31 hata kwenye wavu. Walioanguka hao walikadiria muda wao kuwa mrefu kwa asilimia 36 kupita walivyokadiria wa wenzao, lakini macho yao hayakuweza kusoma tarakimu za upesi kuliko kawaida. Hofu haikuwaongezea uwezo wa kuona. Iliikuza kumbukumbu tu. Kumbukumbu yaweza kukuzwa kwa njia zisizovunja mguu.

## Majibu kwa wenye shaka

"Mimi sina fedha za kusafiri." Rejea hatua saba uzihesabu tena: hakuna hata moja miongoni mwao iliyo na gharama kubwa. Daftari na kalamu hutosha, na uchochoro usioujua hauko mbali na mlango wako.

"Kazi yangu ni ile ile, kutwa ile ile." Mshona viatu, mpiga chapa na mwashi hawawezi kubadili kazi, lakini waweza kubadili mazingatio. Chagua kila wiki sehemu moja ya kazi uitende kwa ubora zaidi kuliko ulivyozoea. Mfundishe kijana mmoja ufundi wako, kwani mwanafunzi huuliza maswali ambayo fundi alikwisha kusahau kuyauliza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwanafunzi ni mgeni wa kazi yako.

"Nimezeeka, kwa mzee miaka ni mifupi, ndiyo maumbile." Dhana hii ni ya zamani, naye Mfaransa Paul Janet aliitolea hesabu mwaka 1877, kwamba mwaka mmoja ni sehemu kubwa ya umri wa mtoto na sehemu ndogo ya umri wa mzee. Lakini Marc Wittmann na Sandra Lehnhoff walipowauliza watu 499 wa Ujerumani na Austria, wenye umri kati ya miaka 14 na 94, katika utafiti wa mwaka 2005, tofauti ya vijana na wazee ilionekana zaidi walipoulizwa mwendo wa miaka kumi iliyopita, wala haikuwa kubwa. Kwa wiki na miezi, wote walisema karibu neno moja. Mwaka 2010 William Friedman na Steve Janssen wakaonesha kwamba kubanwa na shughuli, kwa watu wa rika zote, huandamana na kuuona wakati unakimbia. Kwa hiyo mzee asijihukumu, bali apunguze yanayombana na aongeze yanayomshangaza. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na anayeendelea kuona ndiye anayeendelea kuishi.

"Je, ibada si marudio? Niibadilishe nayo?" Hasha. Marudio ya ibada yana makusudi yake, nayo huigawa siku katika sehemu zenye heshima. Kinachotakiwa humo si upya wa tendo bali ni kuhudhuria kwa moyo, jambo ambalo walimu wa dini wamelihimiza tangu kale.

"Ninalea watoto wachanga, hata usingizi sipati." Basi acha hatua zote ila ya mistari mitatu, nayo iwe mstari mmoja, na uandike jambo moja alilolifanya mtoto. Miaka hii ndiyo ambayo wazazi huja kusema kwamba iliwaponyoka, na mstari mmoja kwa siku huzuia hasara hiyo.

## Hadhari: si kila jambo ni la kujitibu

Mwone daktari, wala usingoje, ukiona mojawapo ya dalili hizi kwako au kwa mzee wako:

- kupoteza masaa au siku bila ya kukumbuka lolote lililotendeka;
- kuchanganyikiwa kuhusu mwaka, msimu, au mahali ulipo;
- huzuni isiyoondoka kwa majuma, ambayo humfanya mtu aone kila siku ni mzigo na hakuna jambo linalomfurahisha;
- kukosa usingizi kwa usiku mwingi mfululizo.

Mambo haya ni ya tiba, na daftari la usiku halichukui nafasi ya mganga.

## Utaratibu wa mwezi mmoja

Kwa wanaopenda kupangiwa, huu ndio utaratibu:

- Wiki ya kwanza: fanya kipimo cha hatua ya kwanza, kisha anza mistari mitatu kila usiku. Usiongeze jambo jingine.
- Wiki ya pili: ongeza badiliko moja kwa siku na mlo mmoja usio na simu.
- Wiki ya tatu: fanya ziara moja, na uanze somo moja la fani uliyoichagua, hata iwe ni kwa nusu saa.
- Wiki ya nne: rudia kipimo cha mwanzo, ulinganishe karatasi mbili, na usome daftari lako kwa sauti. Kisha panga kituo kimoja cha msimu unaokuja pamoja na watu wa nyumbani.

Ukikosa siku moja au mbili, usianze upya wala usijilaumu, endelea ulipoachia. Ukiona baada ya mwezi karatasi ya pili ina mambo mengi kuliko ya kwanza, umefaulu, hata kama saa bado unaziona zinakwenda upesi, kwa kuwa saa zenye shughuli njema lazima ziende upesi.

Neno langu la mwisho kwako, msomaji, ni kwamba usingoje mwaka mpya, wala likizo, wala kustaafu, ndipo uanze kuishi kwa mazingatio, maana siku ya leo nayo inahesabiwa katika umri wako kama zile unazozingojea. Tafuta daftari usiku huu, andika mistari yako mitatu, na kesho ipitie njia ambayo hujapata kuipita.